Mtoto wa miaka miwili, kilo 9.8 na sentimita 79: amebaki nyuma au ndivyo ukoo ulivyo?

#1 MamaAsifiwe, Bukavu
Jambo wote. Niko Kadutu. Binti yangu ametimiza miaka miwili juma lililopita. Nyumbani nilimsimamisha mlangoni nikampima kwa mita ya fundi cherehani: sentimita 79. Kilo zake kwenye CPS, kliniki ya kupima watoto, ni 9.8. Mtoto wa jirani, msichana vilevile, wamezaliwa mwezi mmoja, ana kilo 12 na anamzidi wangu kiganja kizima. Wakicheza pamoja uani wageni wanauliza yupi ni dada na yupi ni mdogo.

Mama mkwe anasema nisijisumbue, kwao wote wafupi. Nesi aliangalia fishi (kadi yake ya kliniki), akaandika, akaniambia "umlishe vizuri", akaita mwingine. Sasa kumlisha vizuri ni nini? Anakula. Anakimbia, anaongea mpaka tunachoka. Ninachotaka kujua: umri huu unataka kilo ngapi na urefu gani, na huyu wangu amebaki nyuma au ndivyo Mungu alivyomuumba?

#2 PapaBahati, Bukavu
Kabla ya yote: baba yake ana urefu gani?

#3 MamaAsifiwe
1.60. Mimi 1.50. Najua unakoelekea, papa.

#4 PapaBahati
Hukohuko. Mlitaka kuzaa mnara wa redio? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama mkwe ana haki, mwache mtoto acheze.

#5 MwalimuHesabu, Goma
Hesabu yake ipo na ni nyepesi. Unajumlisha urefu wa baba na wa mama. Kwa msichana unatoa 13, kwa mvulana unaongeza 13, halafu unagawa kwa mbili. Hapa: 160 + 150 − 13 = 297, nusu yake 148.5. Mtoto anaweza kutoka juu au chini ya hapo kwa sentimita 8 na nusu hivi.

Tena wazee husema mtoto wa miaka miwili amefika nusu ya urefu wake wa utu uzima. 79 mara mbili ni 158. Mama Asifiwe, binti yako atakupita. Kunywa soda.

#6 NesiZamu, Bukavu
Mwalimu, soda isubiri kidogo. Nusu hiyo ni ya wavulana. Msichana wa miaka miwili ameshapita nusu, yuko kwenye asilimia 53 hivi. Ukigawa 79 kwa 0.53 unarudi kwenye 149, palepale alipo mama yake.

Lakini tusitabiri kabla ya kupima. Mama, mita ya fundi mlangoni si kipimo. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hulazwa kwenye ubao, na kazi ni ya watu wawili: mmoja anashika kichwa kiguse mbao ya juu, mwingine anakandamiza magoti yasikunjike, kisha anasukuma kibao cha chini mpaka kiguse nyayo zote mbili. Akishavuka miaka miwili ndipo anasimamishwa. Na mtoto yuleyule akisimama anapungua kama sentimita 0.7, kwa hiyo hata namna ya kupima lazima iandikwe. Mtoto anayechezesha visigino mlangoni anaweza kukuibia sentimita mbili bila wewe kujua.

Namba ulizouliza. Kwenye meza (majedwali ya ukuaji) za Shirika la Afya Duniani, msichana wa miezi 24 aliye katikati kabisa ana sentimita 86.4 akilala na kilo 11.5. Mpaka wa chini, ambao chini yake ndipo tunaanza kusema udumavu, ni 80.0. Mpaka wa kilo ni 9.0. Mvulana wa umri huo yuko kwenye 87.8 na 12.2, mipaka yake 81.7 na 9.7. Kwa hiyo huyo wa jirani si mtoto mkubwa, yupo tu karibu na katikati. Na wako kwa kilo yumo ndani. Kwa urefu yuko mpakani, na kwa mita ile siwezi kukuambia ni upande gani.

Niandikie kilo za fishi tangu alipozaliwa. Kipimo cha siku moja hakinisaidii kitu.

#7 PapaBahati
Meza za Wazungu hizo. Mtoto wa Bukavu unampima kwa mtoto wa Geneva?

#8 MukavuBrussels, Ubelgiji
@PapaBahati hapana, hapo umekosea. Zile za zamani ndizo zilikuwa za Wamarekani, tena wengi wao watoto wa chupa. Za sasa zilitolewa 2006. Watoto walipimwa kati ya 1997 na 2003 katika miji sita: Pelotas ya Brazili, Accra, Delhi, Oslo, Muscat na Davis kule California. Karibu watoto 8,500. Walichaguliwa wale wanaonyonya, mama havuti sigara, nyumba haina shida kubwa. Jibu lililotoka liliwashangaza wengi: tofauti ya urefu kati ya mji na mji ilikuwa asilimia 3 tu ya tofauti zote. Sehemu kubwa, kama asilimia 70, ilikuwa ya mtoto na mtoto, wa mji uleule. Yaani mtoto wa Accra na wa Oslo wakila na wasipougua, hadi miaka mitano wanakua sawa.

#9 PapaBahati
Accra si Bushi, nchi ya Bashi. Wale wana samaki wa bahari. Nileteeni mtoto wa Walungu ya Bushi kwenye hizo meza ndipo nitanyamaza.

#10 MshiWaMilima, Kabare
Papa, umejibu mwenyewe na hukusikia. Umesema "wana samaki". Basi ni chakula, si ukoo!

Mimi nimekulia karibu na Lwiro. Pale watafiti wameshughulika na bwaki, utapiamlo mkali, tangu enzi za Wabelgiji, na hospitali yake imepokea watoto wa bwaki miaka na miaka. Miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu, ngozi inabanduka, mtoto hacheki. Wale kila mtu anawaona. Ambao hawaonekani ni hawa waliokaa kwenye foleni ya CPS wakiwa wazima lakini wafupi. Utafiti mkubwa wa afya wa 2013-2014 ulikuta watoto 43 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano nchini Kongo wamedumaa. Karibu nusu ya nchi! Sasa mkisema ni ukoo, huo ni ukoo gani unaoanzia Uvira hadi Mbandaka?

Na chakula chetu tunakijua. Asubuhi chai na kipande cha bugali kilicholala. Mchana bugali wa muhogo na sombe (kisamvu). Jioni bugali wa muhogo na lengalenga (mchicha). Muhogo unashibisha tumbo, ila protini karibu hamna. Mtoto anakula, kama mama alivyosema, "anakula". Anakula nini?

#11 MamaAsifiwe
@MshiWaMilima umeniingilia jikoni bila hodi, ila sikatai.

@NesiZamu fishi hii hapa. Kuzaliwa 2.6. Miezi sita 6.9. Tisa 7.9. Kumi na mbili 8.1. Kumi na tano 8.3. Halafu hapakuandikwa kitu kwa muda, nilikuwa na mambo mengi. Sasa 9.8. Urefu haukuandikwa hata mara moja, kile kisanduku kitupu.

#12 PapaBahati
Mtoto mzuri huyo! Kanuni inasema mwaka mmoja awe amezidisha uzito wa kuzaliwa mara tatu. 2.6 mara tatu ni 7.8. Yeye alikuwa na 8.1. Amepita mtihani, tufunge uzi.

#13 NesiZamu
Kanuni hiyo inawapendelea waliozaliwa wadogo, papa. Aliyezaliwa na kilo 4 itamwonea, wa 2.6 itambeba. Mtoto wa kilo 2.6 mwenye afya kwa kawaida hukimbia zaidi miezi ya kwanza ili awafikie wenzake, na huyu alianza hivyo: miezi sita 6.9, wakati wa katikati ni 7.3. Vizuri sana.

Mama, angalia baada ya hapo. Kuanzia miezi tisa hadi kumi na tano aliongeza gramu 400. Msichana wa katikati muda huohuo anatoka 8.2 anafika 9.6, yaani gramu 1,400. Mstari wake ulilala. Kutoka kumi na tano hadi leo ameongeza kilo moja na nusu, ambayo si mbaya. Kwa hiyo swali langu si leo anapimaje. Miezi ile kulitokea nini?

#14 MamaAsifiwe
Alipokuwa na miezi kumi nilijua nina mimba nyingine. Mama mkwe akasema maziwa yameshaharibika, nimwachishe upesi. Nikamwachisha. Malaria akapata, ikarudi. Na kuhara kulikuwako, wakati bomba la avenyu yetu lilikuwa halitoi maji.

#15 KigomaUjiji, Tanzania
Samahani kuingilia wa ng'ambo ya ziwa. Kwetu jibu lingekuja siku ya kwanza: mtoto amebemendwa. Wazazi wamelala pamoja wakati bado ananyonya, au mmoja ametoka nje ya ndoa kisha akamshika mtoto. Miguu inalegea, hakui. Nimeona kwa macho yangu, msicheke.

#16 PapaBahati
Wakati mama anaandika kuhusu bomba la maji wewe unaleta mambo ya kitandani. 😂 Halafu mkiitwa watu wa pwani mnakasirika.

#17 KigomaUjiji
Kigoma si pwani, mzee. Uliza jografia.

#18 MamaWaWatano, Goma
Msimcheke wa Kigoma. Bibi zetu wa huku nao walikuwa na yao, mume hamkaribii mke mpaka mtoto atembee. Leo tunaita ushamba. Ila ilifanya mtoto anyonye miaka miwili bila mshindani tumboni. Wangu wa tatu na wa nne walifuatana kama wa Mama Asifiwe, na wa tatu ndiye mdogo kuliko wote hadi leo, ingawa baba ni mmoja na sufuria ni moja. Wa tano nilimpumzisha miaka mitatu nyuma ya mwenzake. Sasa anawapita wakubwa zake.

#19 NesiZamu
@MamaWaWatano hapo uko karibu sana na tunachokiona kila siku. Ila nisahihishe jambo moja lisije likaharibu wengine: maziwa ya mama mjamzito hayageuki sumu. Yanaweza kupungua, na ladha ikabadilika. Mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha, ila naye aongezewe chakula. Kinachomwangusha mtoto ni kunyang'anywa ziwa ghafla kisha kuwekewa chai mahali pake. Nisimkosee heshima mama mkwe.

#20 MamaAsifiwe
Atakoseshwa heshima nikimsomea. Anapika hapa nyuma yangu.

#21 GomaLava, Goma
Miye niko Majengo. Wakati volkano ilitoka, mwezi wa tano 2021, tulikimbia usiku na fishi ya mutoto ikapotelea njiani. Kurudi, banaandika mupya, banakisia miezi. Mutoto wa miezi kumi na minane banaandika miaka miwili kamili. Basi kila tukienda, eti mutoto ni mufupi! Angalieni kwanza tarehe ya kuzaliwa, bamama. Mingi ya "kudumaa" ni makosa ya bic (kalamu).

#22 MwalimuHesabu
@GomaLava ana hoja nzito kuliko anavyodhani. Msichana wa miezi 18 aliye katikati ana sentimita 80.7. Umwandike miezi 24, palepale anakuwa mtoto wa mpakani, na hajapungua hata unywele.

Na mizani nayo! Ile ya kuning'inia, mtoto anavishwa kikaptula, anainuliwa, anapiga mateke, mshale unayumba kati ya 9 na 11, nesi anasoma popote maana foleni imefika barabarani. Kama kaptula haikurudishwa kwenye sifuri kwanza, umepima mtoto na nguo ya serikali.

#23 NesiZamu
Unasema kweli na inaniuma. Mama yeyote anaruhusiwa kusema "subiri mshale utulie". Mtoto avuliwe viatu, koti na lile sweta zito la baridi ya Bukavu. Hata pampasi iliyolowa inahesabika.

#24 JografiaTu, Bukavu
Hakuna aliyegusa mwinuko. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, Goma vilevile. Watoto wanaozaliwa milimani huwa wepesi kidogo, hewa ya oksijeni ni ndogo kwa mama. Hesabu inayotajwa ni kama gramu 100 kwa kila mita 1,000. Kilo 2.6 yake inaweza kuwa na mlima ndani.

#25 MukavuBrussels
Hata ukiipa milima yote, hiyo ni gramu 150. Na jirani yake wa kilo 12 naye anaishi mlima huohuo, ukuta kwa ukuta.

#26 JografiaTu
Sikusema ni sababu pekee. Nimesema haikuguswa.

#27 TajiriWaBukari, Lubumbashi
Salamu za L'shi. Kwetu tunasoma hii tukiwa na shida ya upande mwingine. Kijana wangu ana miaka mitatu, kilo 20. Bibi yake anamtembeza Katuba nzima, "angalieni mutoto!" Kila mgeni anamletea biskuti. Docta ndiye peke yake aliyekunja uso. Huyo nimlaumu nani, ukoo au bukari (ugali wetu)?

#28 NesiZamu
Mvulana wa miaka mitatu wa katikati ana kilo 14.3. Kilo 20 inazidi hata mstari wa juu wa pili, ulio 18.3. Sharti aangaliwe pamoja na urefu wake. Baada ya miaka miwili mtoto huongeza kilo mbili hadi mbili na nusu kwa mwaka, basi. Anza na juisi na biskuti za wageni, umalizie na bibi.

#29 TajiriWaBukari
Bibi haondoki. Biskuti labda.

#30 MamaWiki1, Bukavu
Wapendwa, swali dogo. Wangu ana siku tano, alizaliwa 3.2, leo 3.0. Nimeanza kulia.

#31 NesiZamu
Usilie. Karibu watoto wote hupungua siku za kwanza, hata sehemu saba hadi kumi kwa mia. Wako amepungua kama sita. Akifika wiki mbili anatakiwa awe amerudi kwenye 3.2. Mnyonyeshe kila anapotaka, usiku pia, na uhesabu nguo anazolowanisha. Asiporudi kwa wiki mbili, au akilala tu bila kutaka ziwa, nenda usisubiri tarehe.

#32 MamaWiki1
Aksanti sana.

#33 FundiBomba, Bukavu
Mnasema chakula, ukoo, mlima. Nyinyi hamchimbi mitaro. Mimi nachimba. Kadutu, maji ya choo cha juu yanapita mlango wa nyumba ya chini. Mtoto anatambaa hapo, anatia mkono mdomoni siku nzima. Mnaweza kumpa yai kila asubuhi, utumbo ulioshambuliwa kila siku haushiki kitu. Hata asiharishe. Nilieleza hivyo kwenye kikao cha avenyu, wakaniambia natafuta kazi.

#34 MshiWaMilima
@FundiBomba na si unatafuta kazi? 😂 Lakini sawa. Ila huku Kabare hatuna msongamano wa Kadutu, watoto wanatambaa kwenye majani, na bado ni wafupi. Narudi kwenye sahani.

#35 FundiBomba
Wanatambaa kwenye majani na kuku, mbuzi na ng'ombe. Kinyesi hakina komini.

#36 NesiZamu
Minyoo pia msiisahau. Dawa hutolewa kila miezi sita kuanzia mwaka mmoja, pamoja na vitamini A. Ila peke yake dawa ya minyoo hairudishi sentimita zilizopotea, nimeona wengi wakitarajia hivyo.

#37 PapaBahati
Narudi kwenye ukoo, hamnishindi. Kanuni ya Mwalimu ya #5 inatumia urefu wa nani? Wa wazazi. Ingekuwa sufuria peke yake, kanuni isingekuwepo.

#38 MukavuBrussels
Ukoo upo, sibishi. Lakini wazazi wenyewe walikua wakati gani? Mama Asifiwe, samahani kama nakukisia, umri wako unaangukia vita. Aliyekuwa na mwaka mmoja au miwili mwaka 1996 alikulia njiani, mgongoni kwa mama anayekimbia. Ufupi wake unaweza kuwa wa vita, halafu leo tunauingiza kwenye kanuni na kuuita damu. Wanawake wa Korea Kusini wamerefuka kama sentimita 20 katika karne moja. Damu haibadiliki upesi hivyo.

#39 MamaAsifiwe
Hukunikosea. Nilizaliwa 1995, na 1996 mama alinibeba hadi Shabunda kwa miguu. Dada yangu aliyezaliwa kabla ya hapo ni mrefu. Sikuwahi kuviweka pamoja vitu hivi viwili.

#40 PapaBahati
Pole mama. Hapo sina utani.
Ila mume wake?

#41 MamaAsifiwe
Mume wangu akipanda pikipiki miguu haigusi chini, na kaka zake wote ni vilevile, hata aliyezaliwa 1980. Kwa hiyo papa una robo ya pointi.

#42 PapaBahati
Naichukua.

#43 BibiMtandaoni, Bukavu
Wajukuu, mnapimapima mno. Zamani mtoto hakupimwa kwa kamba, ukimpima anabaki pale ulipomfunga. Wala hakurukwa akiwa amelala chini. Na walikua.

#44 MwalimuHesabu
Bibi shikamoo. Waliokua tuliwaona. Wasiokua hatukuwaandika popote.

#45 BibiMtandaoni
Marahaba. Una mdomo wewe.

#46 SambazaSafi, Bukavu
Tuongee vitu vya kula basi. Sambaza wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, unawakaanga kidogo bila mafuta, unawasaga hadi unga na vichwa vyao. Kijiko kimoja kwenye bui (uji) ya masoso, unga wa mchanganyiko. Mtoto hajui, harufu inapotea ukiweka mafuta ya mawese. Wangu wawili wamekua hivyo.

#47 KigomaUjiji
Sambaza hao ni wetu, nyie wa Kivu mliletewa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Tunasubiri shukrani.

#48 SambazaSafi
Shukrani tutaleta kwa mtumbwi. Na mlisafiri nao bila unga wa kuwapikia.

#49 MshiWaMilima
Na masoso iwe masoso kweli: mahindi, soya, mtama. Siku hizi soko la Nyawera wanakuuzia mahindi yenye rangi tu ya soya. Unga wa soya unauona kwa mafuta, ukiubana kiganjani unashikana. Na soya ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, vinginevyo tumbo la mtoto litakuambia usiku. Mtoto asishibishwe maji pia. Bui nyepesi inayonyweka kwa kikombe haina kitu, iwe nzito ikae kwenye kijiko.

#50 MamaAsifiwe
Nimerudi. Nimekwenda kituo kingine chenye ubao. Walikuwa wawili kama Nesi alivyosema, mmoja kichwa, mmoja magoti, Asifiwe akapiga kelele hadi mtaa wa Essence wakasikia. Amelala: 80.6. Mkono wamempima kwa mkanda wa rangi, 13.8, kijani.

Kwa hiyo amevuka mpaka? Mama mkwe ameshatangaza ushindi.

#51 PapaBahati
Amevuka! 80.6 ni juu ya 80.0. Ukoo oyee.

#52 NesiZamu
Amevuka kwa milimita sita, na hizo mtoto anazipoteza akikunja goti. Mkanda wa kijani unasema hajakonda, hausemi kitu kuhusu urefu. Mtoto mfupi anaweza kuwa na mkono mnene. Na mpaka huo haukuwekwa na Mungu: hata kati ya watoto wenye afya kamili, wawili au watatu kwa mia watakuwa chini yake kwa sababu ya wazazi wao. Kwa hiyo wa 79.8 si lazima awe mgonjwa, wala wa 80.6 si lazima awe mzima. Mimi bado naangalia ile miezi sita aliyolala mstari. Mrudishe baada ya miezi mitatu, ubao uleule, na sasa apimwe amesimama. Mwaka huu wa tatu anatakiwa kuongeza sentimita nane au tisa. Akiongeza tano tutaongea tena.

#53 FundiBomba
Na bomba?

#54 MwalimuHesabu
Nesi, akiongeza nane utasema ni sambaza, Papa Bahati atasema ni damu, Fundi atasema ni mtaro. Tutajuaje?

#55 NesiZamu
Hatutajua. Mimi nataka aongeze tu.

#56 MamaAsifiwe
Lingine kabla sijazima simu. Huyu wa nyuma yake ametimiza miezi sita juzi, kilo 7.6, mvulana. Ndiyo tunaanza bui. Nimenunua mayai, mama mkwe ameyaficha. Anasema mtoto akila yai kabla ya kuota meno atakuwa mwizi.

#57 MshiWaMilima
Kilo 7.6 safi kabisa, katikati ni 7.9. Yai lichemshwe hadi likauke, uponde kiini na maziwa yako kidogo, umpe kijiko.

#58 BibiMtandaoni
Kwetu yai lilimfanya mtoto achelewe kusema, si wizi. Huyo mama mkwe ametokea wapi?

#59 MamaAsifiwe
Walungu, bibi.

#60 PapaBahati
Nilijua tutafika Walungu tu.